Dungu na Lindo: Historia ya Kukesha Shambani katika Nachingwea na Ruangwa

Katika kazi zote za mkulima hakuna iliyosahauliwa na waandishi wa historia kama kazi ya kulinda. Kufyeka kumeandikwa, kulima kumeandikwa, na kuvuna kumeandikwa pamoja na bei za sokoni na kodi iliyotozwa. Lakini ile miezi mitatu minne ambamo mazao husimama shambani yakielekea kukomaa, na watu wa nyumba wakahamia huko kuyalinda, hupitwa kwa neno moja tu, kana kwamba katika miezi hiyo hapakufanyika kazi. Sababu yake si ngumu kuiona. Anayelima huacha tuta, na anayevuna huacha ghala. Anayelinda akifanikiwa haachi alama yoyote, maana matunda ya kazi yake ni jambo ambalo halikutukia.

Nimekusudia katika makala haya kuieleza kazi hiyo kama ilivyofanywa, na kama inavyofanywa bado, katika Nachingwea na katika jirani yake Ruangwa, iliyopata kuwa wilaya yenyewe katika miaka ya 1990. Zote mbili zimo katika Mkoa wa Lindi. Ni nchi ya Wamwera hasa, pamoja na Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo walioingiliana nao kwa ndoa, kwa vita na kwa kutafuta ardhi. Mimi si mganga wala mtaalamu wa ubongo. Nafundisha isimu, na mlango wangu wa kuingilia ni maneno. Walakini nilipojaribu kuyaeleza maneno ya ulinzi nilijikuta nimeingia katika elimu ya ubongo bila kutaka, kwa kuwa mambo yaliyopimwa na wataalamu wa elimu hiyo tangu mwaka 1948 ndiyo yaleyale ambayo lugha yetu ilikwisha kuyapa majina. Nayo majina hayo yana jambo la kutufundisha juu ya lawama ambayo walinzi wamebebeshwa kwa muda mrefu.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Linda ni neno la Kibantu, si la kuazima, nalo limeenea mbali. Kwa Waganda kulinda ni kungoja. Mtu wa Kampala akikuambia neno hilo hataki uhifadhi kitu, ataka usubiri. Kwa Wazulu kitenzi hichohicho huchukua maana zote mbili, kungoja na kuhifadhi. Washona na Wanyarwanda, ambao husema r mahali petu pa l, wanalo katika maana ya kuhifadhi kama sisi. Maana hizi zikiwekwa pamoja twaona undani wa neno: kulinda ni kungoja, tena kungoja kitu usichotaka kije. Kiswahili kimeyatenga mambo haya mawili kwa kuipa kazi ya kwanza neno ngoja, lakini udugu wao haujafutika. Zamani bawabu aliitwa mngoja mlango, na hakuna aliyedhani kwamba mtu huyo amekaa bure.

Kutokana na linda tumepata lindo, ambalo ni mahali pa mlinzi na pia kile anachokilinda. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yatupa pia dungu na ulingo, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya ardhi, aghalabu lenye paa, ambapo mlinzi wa mazao huketi. Tena yatupa kitenzi amia, ambacho maana yake ni kulinda mazao kwa kuwafukuza ndege. Msomaji wa mjini leo akisikia ulingo atafikiri habari za masumbwi au za siasa. Si kosa, ndivyo maneno yanavyohama. Lakini inafaa kukumbuka kwamba kabla ya mabondia kupanda ulingoni walipanda watoto wenye makombeo. Ama amia, naogopa kwamba neno hili limo katika kufa. Wanafunzi wangu wengi wa mwaka wa kwanza hawalijui, hata wale waliokulia vijijini, nao husema "kufukuza ndege" wakadhani wamesema yote. Hawakusema yote. Kufukuza ni tendo la mara moja, lakini kuamia ni kazi ya siku nzima ambayo ndani yake mna kufukuza mara chache na kungoja mara nyingi.

Ulinzi wa mchana ni wa ndege na wa wanyama wapandao miti. Mtama unapoanza kuwa na maziwa ndege hushuka kwa makundi. Nyani, tumbili na ngedere hujia mahindi na karanga. Kazi hii imekuwa zaidi ya watoto na wanawake, na silaha yake ni sauti, kombeo, na kamba zilizofungwa makopo kutoka dungu mpaka pembe za shamba, ambazo mlinzi akizivuta shamba zima hulia. Ulinzi wa usiku ni wa nguruwe mwitu kuliko mnyama mwingine yeyote, ingawa tembo nao hawakosi mahali pengine. Nguruwe mwitu hufukua mihogo na karanga, huangusha mahindi, na kundi dogo laweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula cha nyumba cha mwezi. Haonekani, husikika. Kwa hiyo mlinzi wa usiku hategemei macho, hutega masikio, na hapa Kiswahili kimechagua neno la wawindaji, maana sikio hutegwa kama mtego unavyotegwa, na kazi ya mtego ni kungoja.

Jambo ambalo mgeni huliona upesi akipita usiku katika bonde lenye mashamba ni kelele. Mtu wa dungu hili huita, wa dungu lile huitikia. Mwingine hupiga debe bila kuona mnyama. Mwingine hutoa habari ya mchana uliopita, nayo hupokewa kutoka ng'ambo ya kijito. Mgeni hudhani ni maongezi ya watu waliokosa usingizi. Nilipokuwa mtoto nililala mara nyingi katika dungu pamoja na mjomba wangu, naye alikuwa na desturi ya kuniuliza maswali yasiyo na maana: mbuzi wa fulani wamekuwa wangapi, mti ule wa njiani waitwaje. Nikichelewa kujibu aliniambia nishuke nikachochee moto. Nilidhani mzee anapenda maneno. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa katika chumba cha giza cha chuo kimoja ng'ambo, nyaya zimegandishwa kichwani mwangu na mbele yangu taa ndogo ambayo niliamriwa kubonyeza kitufe kila ilipobadili rangi, ndipo nilipofahamu kwamba mjomba alikuwa akinipima, na kwamba moto ule haukuwa na haja ya kuchochewa.

Sasa tutazame maneno ya kushindwa, ambayo katika lugha yoyote hufundisha kuliko maneno ya kufaulu. Mlinzi aliyesinzia macho yake yamefumba na kichwa kimeanguka. Kila mtu amwona. Mlinzi aliyezubaa macho yake yamo wazi, aweza hata kuwa amekaa wima, lakini nguruwe akipita mbele yake hamwoni, kwa kuwa yeye mwenyewe hayupo. Baina ya hali hizo mbili lugha imeweka lepe la usingizi, ambalo humpitia mtu kwa kitambo kifupi hata yeye asijue kwamba limempitia, akaapa kwamba hakulala. Nawaomba wenzangu waangalie namna tunavyosema. Hatusemi mtu amefanya lepe. Twasema lepe limemchukua. Mtu ndiye mtendwa. Sarufi yenyewe yamwondolea hatia.

Ilipofika mwaka 1948, Norman Mackworth wa Cambridge alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza. Katika vita wanahewa walikaa mbele ya vioo vya rada wakingoja alama ndogo ya nyambizi za Wajerumani, na ilijulikana kwamba kadiri walivyokaa ndivyo walivyozikosa alama, ijapokuwa walikuwa vijana wenye afya na walijua kwamba roho za watu zimo mikononi mwao. Mackworth alitengeneza saa isiyo na tarakimu. Mkono wake uliruka hatua moja kila sekunde, na mara chache sana, pasipo mpango wa kutambulika, uliruka hatua mbili kwa pamoja. Mtu aliwekwa mbele yake saa mbili nzima, na kazi yake ilikuwa kuonyesha kila alipoiona hatua mbili. Mackworth aliona kwamba baada ya nusu saa ya kwanza uhodari ulishuka, kisha ukabaki chini. Aliona pia kwamba waliopewa nusu saa ya kazi na nusu saa ya kupumzika hawakushuka, na kwamba mtu aliyepigiwa simu katikati ya kazi alirudia hali yake ya mwanzo.

Simu ile ndiyo maswali ya mjomba. Sisemi hivi ili kudai kwamba wazee wetu walimtangulia Mackworth katika elimu yake. Yeye alipima, nao hawakupima, na kupima ni jambo kubwa. Nasema tu kwamba walikuwa na tatizo hilohilo, kitu adimu kingojewacho katika giza kwa saa nyingi, na kwamba utaratibu wao wa kuitana haukuwa maongezi ya kupitisha wakati.

Habari za ubongo wenyewe zilikuja kwa njia nyingine. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alikuwa wa kwanza kuandika umeme wa ubongo wa mtu, mwaka 1924, akautangaza mwaka 1929. Aliona kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho ubongo wake hutoa mawimbi ya mara kama kumi kwa sekunde, nayo hupungua mara anapofumbua macho au kufikiri kwa nguvu. Mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walionyesha kwa paka kwamba katika shina la ubongo mna wavu wa neva ambao ukichochewa huuamsha ubongo wote. Yaani kuwa macho si jambo la macho, bali kuna mlinzi wa ndani ambaye naye hana budi kuamshwa. Tangu hapo imejulikana kwamba mtu akikaa muda mrefu katika kazi ya kungoja, mawimbi ya polepole huongezeka, yale ya Berger yakiwamo, ingawa macho yamefumbuliwa. Mwaka 1991 Jose Pardo na wenzake, kwa kupima mwendo wa damu, waliona kwamba kazi ya namna hii huamsha hasa upande wa kulia wa ubongo, mbele na kisogoni juu. Na mwaka 2011 ilionekana kwa panya waliozuiwa kulala kwamba vifungu vya seli za ubongo huweza kunyamaza kwa kitambo kama katika usingizi, hali mnyama mzima yu macho na anatembea. Nilipoisoma habari hiyo sikupata neno la kuifasiri ila lepe.

Kuna ugomvi kati ya wataalamu ambao wafaa kutajwa, kwa sababu Kiswahili chaweza kuueleza kwa ufupi kuliko wao. Wapo wasemao kwamba mlinzi hukosea kwa kuwa kazi ni nyepesi mno na akili yake huondoka kutafuta jambo jingine. Ndivyo walivyohoji Ian Robertson na wenzake mwaka 1997. Wengine, akina Joel Warm na Raja Parasuraman, walishikilia kwamba kazi hii ni nzito, humaliza nguvu za akili na kumtaabisha mtu, hata kama mwili umekaa tu. Kwa maneno yetu, wale wasema mlinzi amezubaa na hawa wasema mlinzi amechoka. Mimi naelekea upande wa pili, nao ndio wenye vipimo vingi vya kuuunga mkono, lakini mtu aliyelala madunguni atasema kwamba zote mbili ni kweli katika usiku mmoja, tena kwa zamu.

Kama utaratibu wa kale ulikuwa mzuri kiasi hicho, yabidi tueleze jinsi ulivyovunjika, maana ulivunjika kwa hatua, na kila hatua ilimwacha mlinzi peke yake zaidi. Hatua ya kwanza ilikuwa ya sheria. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoa amri za uwindaji mwaka 1896, wakati wa Gavana Hermann von Wissmann, na tangu hapo mwindaji alihitaji leseni. Shamba hulindwa kwa njia mbili, kwa kungoja mnyama na kwa kumfuata. Njia ya pili ilipobanwa mzigo wote uliangukia ya kwanza. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akiandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo, ameonyesha kwamba kubanwa kwa uwindaji, pamoja na kuondoka kwa wanaume kwenda kwenye kazi za ujira, kuliwaacha wanawake wakipambana na nguruwe mwitu na njaa katika miaka iliyotangulia Vita vya Maji Maji. Hoja yake ni ya Uzaramo, nami siwezi kuihamisha mzima mzima mpaka Umwera. Lakini Wamwera nao waliingia katika vita hivyo, misheni ya Nyangao iliteketezwa mwaka 1905, na baada ya vita njaa na vifo viliacha ardhi kubwa kwa pori na wanyama wake. Kisha ikaja hifadhi ya Selous, iliyopewa jina hilo mwaka 1922, ambayo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Liwale, jirani ya Nachingwea, ikabaki mpakani mwa nchi ya watu na nchi ya tembo.

Hatua ya pili ilikuwa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika ekari milioni tatu na zaidi za Afrika ya Mashariki, na sehemu kubwa kuliko zote ilikusudiwa Jimbo la Kusini, makao yake yakiwa Nachingwea. Reli ilijengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na matingatinga yalikuwa yakiangusha miti huko katika mwaka uleule ambao Mackworth alitangaza habari ya saa yake. Sababu za kushindwa kwa mpango zimeandikwa na wengi; ulivunjwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni milioni 36, na reli ikafungwa mwaka 1962. Mimi nataka kutaja jambo moja dogo tu. Mashamba makubwa, mabohari na mitambo, hapo na kwingineko katika Tanganyika, yalileta mlinzi wa namna mpya, yaani mlinzi wa mshahara, aliyesimama peke yake kutoka magharibi mpaka alfajiri mbele ya mlango wa mali isiyokuwa yake. Hana dungu jirani la kumwitikia. Hana mpwa wa kumuuliza maswali. Alikuwa na kurunzi, rungu, na msimamizi ambaye alimzuru ili amkute amelala. Ndipo katika Kiswahili cha kazi kulala zamuni kulipokuwa uzembe, na mzembe alikatwa mshahara. Alipewa kazi ambayo Mackworth aliona vijana wa rada hawawezi kuifanya vyema zaidi ya nusu saa, akapewa saa kumi na mbili.

Ni haki kusema kwamba jeshi lilikuwa na busara kuliko tajiri katika jambo hili, maana askari hubadilishana zamu. Tangu katikati ya miaka ya 1960 mpaka uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa Nachingwea, mahali ambapo mpaka leo huitwa Farm 17 kwa hesabu ya mashamba ya karanga. Hapo ndipo Samora Machel na wenzake walipofunza wapiganaji. Majina ya ulinzi wa namna hiyo katika Kiswahili ni ya kuazima: askari na doria yametoka kwa Waarabu, gadi kwa Waingereza. Lakini mahali penyewe pa kusimama, na muda wenyewe wa kusimama, askari wa nchi hii huviita kwa neno la mkulima. Husema yuko lindoni.

Hatua ya tatu ilikuwa ya vijiji. Katika miaka ya 1970 watu walikusanywa kutoka makazi yaliyotawanyika wakakaa pamoja, penye shule, zahanati na barabara. Faida zake zipo na sizikani. Bila shule hizo nisingeandika makala haya. Walakini mtu aliyekuwa akilala katikati ya shamba lake sasa alilala mbali nalo, na dungu, lililokuwa kiungo cha nyumba, likawa nyumba ya pili ya msimu. Aliyewapeleka watoto shuleni alipoteza waamiaji wa mchana. Aliyewabakiza aliandikwa mtoro. Mama mmoja akawa wa mchana na wa usiku pia. Hapa ndipo hesabu ya uchovu ilipogeuka, nayo haijageuka tena.

Jinsi jambo hili lilivyo zito yaonekana katika habari za simba. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, miongoni mwao watafiti wa Tanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walitangaza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 katika Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308, na kwamba nchi ya kusini-mashariki, Mkoa wa Lindi ukiwamo, iliumizwa kuliko zote. Mashambulio yalizidi katika miezi ya mavuno, Machi mpaka Mei. Watafiti hao waliona kwamba simba huwafuata nguruwe mwitu mashambani, na mtu naye yupo shambani kwa ajili ya nguruwe haohao. Wanyama wengine ambao simba angewala wamekwisha, lakini nguruwe amebaki, kwa kuwa huzaa upesi, na tena kwa wengi wa wakazi nyama yake hailiwi, hivyo mwindaji hana sababu ya kumsumbukia. Mlinzi aliyetega masikio kumsikia mharibifu wa mahindi alikuwa akingojewa na mngojeaji mwingine aliye hodari kuliko yeye.

Watafiti haohao walirudi katika jambo hili mwaka 2011 wakiwa na habari za watu zaidi ya 1,000 walioshambuliwa kati ya mwaka 1988 na 2009. Walipozipanga kwa mwezi wa angani waliona kwamba hatari kubwa iko katika siku zinazofuata mwezi mpevu, hasa katika saa za kwanza za giza. Katika mbalamwezi simba hapati kitu. Mwezi unapoanza kuchelewa kupanda, kiza huingia mapema naye ana njaa. Kwa upande wa mlinzi nitaongeza jambo ambalo wao hawakuliuliza, nalo ni dhana yangu tu. Usiku wa mwezi mpevu nguruwe huonekana, watu wa madungu hukesha kwa wingi na kwa furaha. Siku zinazofuata huanza wakiwa na deni la usingizi, na saa zile za kwanza ndizo wanapopika, kushuka na kupanda, na kuwalaza watoto. Lepe haliangalii saa.

Shauri walilopewa wakulima mara nyingi lilikuwa kwamba wasilale mashambani. Ni shauri la mtu ambaye chakula chake hakimo shambani. Watafiti walishauri vizuri zaidi waliposema kwamba dawa ni kupunguza nguruwe.

Narudi kwenye shughuli yangu, ambayo ni maneno. Vitabu vya saikolojia katika Kiswahili vinahitaji istilahi ya hali hii ya kungoja kwa muda mrefu bila kuacha, na waandishi wamekuwa wakitumia umakini na uangalifu. Makini latokana na Kiarabu, ambamo lina maana ya kilicho imara na thabiti, na kwetu lilikuwa na maana ya utulivu wa mtu kabla halijawa neno la kutazama kwa bidii. Ni neno zuri na liachwe lifanye kazi yake, yaani kuelekeza akili kwa hiari kwenye jambo lililo mbele. Uangalifu ni sifa ya tabia, na hapo ndipo ninapopinga. Muuguzi aliyekaa usiku kucha mbele ya mitambo ya wagonjwa mahututi, dereva wa lori baina ya Mingoyo na Masasi saa tisa za usiku, mkaguzi wa mizigo anayetazama picha za mabegi elfu moja: wakikosa kuona kitu, nasi tukaandika kwamba "walikosa uangalifu", tumekwisha kuwahukumu kabla ya kupima. Kitabu cha sayansi kimefanya kazi ya msimamizi mwenye kurunzi.

Napendekeza kwamba kazi hii iitwe kazi ya lindo, na muda wake muda wa lindo. Kwamba kushuka kwa uhodari kuitwe kudhoofu kwa lindo, si kudhoofu kwa mlinzi. Na kwamba lepe litumike kwa ule usingizi wa sekunde chache ambao mwenyewe hautambui, kwa kuwa hakuna neno jingine katika lugha yetu lisemalo hivyo kwa ukamilifu. Kuzubaa kubaki ni kuzubaa. Najua baadhi ya wenzangu watasema lindo ni neno la askari na la bunduki. Nimejaribu kuonyesha kwamba askari alilikuta.

Limebaki jambo la kukusanya. Lyndon Harries alitoa sarufi ya Kimwera mwaka 1950, lakini sarufi si orodha ya maneno ya kazi, na maneno ya madunguni katika Kimwera, Kimakonde na Kiyao bado yamo vinywani mwa wazee tu: majina ya miito, ya aina za kupiga debe, ya sauti za nguruwe anapokaribia na anapokimbia, na ya hatua za usingizi, ambazo sidhani kama ni tatu tu kama nilivyozitaja. Hayatapatikana kwa kuwaita wazee katika ofisi ya kijiji mchana, maana hapo watasema kama wanafunzi wangu, "kufukuza". Atakayekwenda kuyatafuta aende baina ya Machi na Juni, madungu yakiwa na watu, apande juu, akae asiulize, asikilize nani anamwita nani. Na akiwa huko katika siku zinazofuata mwezi mpevu, asishuke chini bila taa.